Farasi wa Busatini

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, moto unatutosha sote.

Hapo zamani za kale, katika mji uliozungukwa na vilima vya mawe, aliishi mkunga, Bi Mwanatumu. Farasi wake alikuwa amekufa, na ng'ambo ya kilima kulikuwa na mwanamke aliyekaribia kujifungua. Uzazi uliopita mkunga alikwenda kwa miguu. Alichelewa, mtoto akafa. Safari hii alichukua mkufu wa marehemu mamake, akaenda kuubadilisha na farasi kwa Mbaruku, muuza farasi.

Desturi ya mji ule, farasi alionyeshwa akiwa amesimama juu ya busati, kwato zimepakwa hina. Mnunuzi alitazama, akasifu, akachukua.

Farasi wa kwanza, mweupe, akasema, "Nitazame shingo."

"Uzuri nimeuona," akajibu Bi Mwanatumu. "Sasa tembea."

Akaomba busati likunjwe. Mbaruku akauliza kama amekuja kununua au kufagia ua, lakini akalikunja. Farasi akatembea juu ya mawe: ko, ko, ko, ki. Mguu mmoja ulikuwa unaogopa ardhi.

Wa pili, mwekundu, akasema, "Nitazame mkia."

"Uzuri nimeuona. Sasa tembea."

Akatembea. Magoti yakagongana.

Wa tatu alifungwa uani nyuma, mwili matope, sikio limekatika. Mbaruku akasema huyo chotara, wa kubebea kuni. Mkunga akamfuta kwa kanga: paji pana, pua zilizopanuka, mgongo mfupi. Akamwambia Mbaruku kwamba damu ya Uarabuni haikai sikioni.

"Mimi sina la kuonyesha," akasema farasi.

"Basi tembea."

Ko, ko, ko, ko. Mkunga akautoa mkufu, akamchukua.

Tajiri Shekuwe, aliyekuwa akingoja zamu yake, akacheka. "Bi mkunga, mtoto akimwona huyo atarudi tumboni." Yeye akamchukua mweupe, apate kwenda naye kuposa ng'ambo ya kilima.

Siku ya nne mkunga akaitwa. Kwenye mawe, katikati ya kilima, akamkuta Shekuwe yuko chini, kanzu ya darizi imejaa vumbi, anamvuta mweupe kwa kamba. Akamwomba mkunga ampe farasi wake, wakwe wanamngoja.

"Mimi nilimwonyesha shingo," akasema mweupe. "Miguu hakuniuliza."

Bi Mwanatumu akamtazama Shekuwe kuanzia kofia hadi viatu.

"Uzuri nimeuona, bwana," akasema. "Sasa tembea."

Mkunga akapita na farasi wake, akafika kabla ya adhuhuri. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni, mtoto alipolia.