Ukwaju wa Bi Mwatime

Bi Mwatime aliuza dengu tamu, za bei nafuu, kwenye baraza ya Bwana Tawfiki mwenye hoteli. Siku moja tajiri huyo, aliyeona wateja wake wakihamia kwake, akamfokea, "Niambie unatia nini humo, au kesho uhame!"

"Ukwaju, dengu, kitunguu, bizari na tui," akajibu Bi Mwatime kwa upole. "Sijakuficha kitu, bwana wangu."

Ijumaa Tawfiki akapika dengu hizo mwenyewe kwa karamu ya harusi hotelini. Adhuhuri akaja mbio.

"Mchawi we! Nimeanza na ukwaju, dengu zimekuwa kokoto!"

"Ukwaju hutiwa dengu zikishaiva, bwana. Uliniuliza natia nini, hukuniuliza natia lini."

"Wageni wanagonga sahani!"

"Masufuria matatu ya dengu yako tayari tangu asubuhi, nilikuwa nakungoja. Niandikie kwanza kwamba baraza hii ni yangu."

Tawfiki akaandika.