Gari la Pimbi Halikufa, Lilizimia

Hadithi, hadithi!

— Njoo.

Nije mikono mitupu?

— Njoo na uongo wako, chumvi tunayo.

Basi kaeni vizuri, na mwenye gari kuukuu akae mbele, maana leo nitamtonesha kidonda.

Paliondokea Pimbi, kinyama kidogo cha miambani, si mkubwa kuliko birika la chai. Na Pimbi huyu alikuwa na gari. Si gari la kubebea mkaa, la hasha. Gari la mbio, jekundu, la milango miwili, alilorithi kwa Mzee Duma siku Duma alipozeeka magoti. Ndani yake mlikuwa na tabo, kile kidude cha chuma kilichojikunja kama konokono, kinachoipulizia injini pumzi mpaka gari linapiga mluzi: fyuuuu. Ukisikia mluzi, gari limekwisha kupita.

Mtasema, Pimbi na gari la mbio wapi na wapi. Sikilizeni kwanza. Mwaka ule jua lilikausha nyasi zote za miambani. Nyasi zikabaki ng'ambo ya mbuga, na juu ya mbuga akawa anazunguka Tai, na Tai hali kitu kwa raha kama anavyokula pimbi. Kila asubuhi Pimbi aliwapakia wanawe saba na mama yao, wakabanana humo, akakanyaga mafuta, fyuuuu, wakafika ng'ambo kabla Tai hajakunja mabawa. Jioni wakarudi vilevile. Gari lile ndilo lililokuwa uhai wa nyumba nzima.

Lakini gari nalo huzeeka. Likaanza kukohoa, kho, kho, kho. Likaanza kutoa moshi wa buluu. Siku moja likasita katikati ya mbuga, na kucha za Tai zikapita juu ya paa, kwaruuu, toka mbele hadi nyuma. Pimbi alipofika nyumbani alishuka, akautazama mkwaruzo ule.

Bi Pimbi akasema, "Baba watoto, gari hili lipeleke likatengenezwe leo. Sisi tutakusubiri hapa."

"Na watoto watakula nini?"

"Watavumilia mpaka jioni. Jioni usipoonekana, njaa itawatoa kwa miguu, na mimi mikono yangu ni miwili tu. Saba siwezi kuwashika."

Pimbi akarudi kwenye gari.

Kwanza alitaka kulitengeneza mwenyewe. Akafungua boneti. Akaona waya nyingi kuliko ukoo wake wote. Akafunga boneti.

Akaenda gereji ya Kobe, fundi anayesifiwa kwa uaminifu. Kobe alilizunguka gari lile toka saa moja, na saa tatu alikuwa hajamaliza kulizunguka. Akasema, "Liache. Nitalifungua polepole, nitalisikiliza, kisha nitakuita."

"Lini, mzee wangu?"

"Masika ikijaliwa."

Pimbi akashukuru, akaondoka. Fundi mwema ni mwema, lakini njaa ya watoto saba haisubiri masika.

Ndipo akafika gereji ya Fisi. Juu ya geti pameandikwa kwa rangi: UAMINIFU KWANZA. Nami nawauliza, duka la nyama huandika kwamba nyama yao si ya punda? Anayeandika ana sababu. Lakini Fisi alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, bosi wangu. Kazi ni leo leo. Jua halitazama kabla hujaondoka."

Sasa, kila mwenye gari anaijua sheria ya gereji: usimwache fundi peke yake na gari lako. Unatafuta kigoda, unakaa, unatazama kila spana inakoingia na kila kinachotoka. Pimbi aliijua. Akatafuta kigoda, akakaa, akakodoa macho.

Fisi akafungua boneti, kwaa. Akanusa. Akasema, "Bosi, oili hii imekufa. Nenda kaniletee mpya kule kwa Nungunungu, muuza spea."

"Kwani wewe huna oili, fundi?"

"Ninayo. Lakini fundi akiuza mwenyewe, mteja husema ameibiwa. Mimi maneno sitaki."

Pimbi akaona hilo nalo neno. Akaenda mbio, tiki tiki tiki, akarudi mbio, tiki tiki tiki. Akatazama ndani ya gari. Mahali pa betri pana shimo.

"Fundi, betri iko wapi?"

"Nimeiweka kivulini, bosi. Ilikuwa na homa. Sasa nenda kaniletee plagi."

Akaenda mbio, tiki tiki tiki, akarudi mbio, tiki tiki tiki. Akatazama ndani ya gari. Mahali pa rejeta pana upepo.

"Fundi, rejeta iko wapi?"

"Nimeitoa ipumue, bosi. Sasa nenda kaniletee gasketi."

Mnacheka. Na nyinyi mmetumwa mara ngapi? Fundi akikutuma, unakwenda, kwa sababu gari limekwisha kufunguliwa, na mwenye gari lililofunguliwa hana kauli. Pimbi akaenda mbio, tiki tiki tiki, akarudi mbio, tiki tiki tiki.

Akasimama getini. Gasketi ikamponyoka mkononi.

Gari lake limekaa juu ya mawe manne. Halina tairi. Boneti iko wazi kama kinywa cha kibogoyo, na ndani ya kinywa kile injini imebaki uchi, na pembeni ya injini, pale konokono wa chuma alipokuwa amejikunja, hakuna kitu. Pimbi alitaka kukaa, akasahau kigoda kiko wapi. Na alipokuwa amesimama hivyo, mdomo wazi, akasikia nyuma ya ukuta sauti aliyoijua kama sauti ya mama yake.

Fyuuuu.

Ilikuwa pikapu ya Fisi. Fisi alikuwa akiijaribu.

Moyo ulimpasuka paa. Jamani, kuibiwa ni jambo moja. Kusimama ukisikiliza mali yako inampigia mwingine mluzi, na wewe hujaambiwa hata pole, hilo ni jambo jingine kabisa. Jua lilikuwa limeinama. Kule miambani watoto saba walikuwa wameanza kuchungulia mbuga.

Fisi akaja akijifuta mikono, machozi yanamtoka. "Pole sana, bosi. Limekufa. Nimepambana nalo mpaka pumzi ya mwisho. Niachie maiti, nitalizika mwenyewe."

Pimbi akayatazama meno ya Fisi. Meno yale huvunja paja la nyati, ka, kama mtu anavyovunja muwa. Kupigana hapana. Kulia hapana. Akavuta pumzi, akatafuta kigoda, akakaa, akaanza kucheka.

Fisi akashangaa. "Unacheka nini?"

"Nashukuru, fundi. Umeniokoa. Simba anamwoza binti yake Jumamosi, na bibi harusi amekataa kupanda gari jingine ila hili jekundu. Mjumbe wake anapita hapa jioni hii kulisikiliza mluzi. Ningemnyimaje Simba gari langu? Sasa nitasema limekufa, basi."

"Mjumbe anapita hapa?"

"Hapa hapa. Masikini, na Simba alikuwa ameahidi kumtunza fundi aliyelihudumia. Ng'ombe kumi watachinjwa. Nyama ni ya wageni, mifupa yote ni ya fundi."

Fisi akalamba midomo. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Mifupa yote?"

"Na kwato."

Fisi akainama akaliwekea gari sikio, kama mganga. Akainuka taratibu. "Bosi wangu, sisi mafundi tunakuwa na haraka ya kukata tamaa. Gari hili halikufa. Lilizimia."

"Limezimia bila betri?"

"Betri niliiweka kivulini, si nilikwambia?" Akaenda nyuma ya ukuta, kwacha kwacha kwacha, akarudi na betri.

"Na rejeta?"

"Imekwisha kupumua." Akaenda nyuma ya ukuta, kwacha kwacha kwacha, akarudi na rejeta.

"Na tabo?"

Fisi akakohoa kidogo. "Tabo nilikuwa naipima. Nayo imepimika." Akaenda nyuma ya ukuta, kwacha kwacha kwacha, akarudi na tabo, bado ya moto.

Pimbi akatikisa kichwa. "Usijisumbue, fundi. Mjumbe wa Simba ana masikio. Plagi za Nungunungu ni za bandia, na tairi zangu zilikwisha kuwa vipara. Atawaambia watu kwamba hii ndiyo kazi ya Fisi."

Fisi akafikiria mifupa ya ng'ombe kumi. Akaenda nyuma ya ukuta, kwacha kwacha kwacha, akazing'oa plagi za pikapu yake mwenyewe, mpya. Akang'oa tairi zake mwenyewe, mpya. Akachuja oili yake mwenyewe, safi kama asali. Akafunga, akakaza, akapangusa, na Pimbi amekaa kwenye kigoda anatazama kila spana.

Kazi ilipokwisha, Fisi akaruka akakaa kwenye usukani. "Mimi ndiye nitakayempokea mjumbe. Wewe utakaa nyuma."

"Ndiyo, fundi. Ngoja tu nikague kama waya zimeshika." Pimbi akaingiza kichwa chini ya boneti, akailegeza waya moja ya betri, kidogo tu.

Fisi akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya.

"Limezimia tena," akasema Pimbi. "Labda lisukumwe kidogo, hapo penye mteremko. Niende nyuma nisukume?"

Fisi akamtazama, kinyama kama birika la chai. Akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Usukume nini wewe? Kaa hapa, ushike usukani. Kazi ya nguvu tuachie wenye nguvu."

Fisi akaenda nyuma ya gari. Pimbi akaibana waya, akafunga boneti, akaruka kitini. Na Fisi, kwa nguvu zake zote alizojaliwa, akasukuma. Eee-hu. Eee-hu. Gari likaanza kuteremka, Pimbi akaachia klachi, ngrrrr, ngrrrr, fyuuuuuu. Fisi akabaki amekumbatia vumbi.

"Basi, limewaka," akaita. "Simama hapo."

Pimbi alisikia vizuri. Hakusimama.

Alipotokea mbugani aliwaona. Watoto walikuwa wametoka. Saba, kwa miguu, katikati kabisa, na mama yao nyuma anawaita kwa sauti iliyokauka. Na kivuli cha Tai kilikuwa kimekwisha kuwagusa. Pimbi hakupunguza mwendo. Alifungua mlango gari likikimbia, akakata kona, tairi za Fisi zikang'ata ardhi, akawazoa mmoja baada ya mmoja, na mama yao akajitupa juu yao. Tai alishuka kwa kishindo, tuuu, pale pale walipokuwa. Alipoinua mdomo, ulikuwa umejaa mchanga. Ndani ya gari mama yao akawahesabu mara mbili. Kisha mdogo kabisa akauliza kama bado wanakwenda kula.

Jumamosi Fisi alijifunga kitambaa kipya, akachukua sufuria, akaenda kwa Simba kwa miguu, maana pikapu ilikuwa juu ya mawe. Akapiga hodi, akaulizia harusi ya binti.

Simba hana binti. Ana vijana wanne wa kiume, na siku hiyo walikuwa hawajala.

Hadithi yangu naitua hapo. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni sahani.

Na funzo? Msiondoke bila funzo, nitalaumiwa na wazazi wenu. Funzo ni kwamba gari lako likizeeka, usihangaike na fundi mwaminifu. Mwaminifu hukurudishia kilicho chako tu. Mpelekee mwizi mwenye tamaa, atakuongezea na chake. Na la pili, kubwa kuliko lote: msiseme uongo, watoto wangu, hata siku moja. Uongo haujawahi kumfaa mtu. Kawaulizeni watoto wa Pimbi. Wako wote saba.