Vigae vya Mama Subilaga

"Mfinyanzi usimuulize vyungu, muulize vigae."

Bibi Tupokigwe aliisema methali hiyo huku akilainisha shingo ya chungu kwa kokoto. Wajukuu wake wawili, waliokuwa wakikanda udongo, wakauliza imetoka wapi. Hakuacha kazi. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Katika kijiji cha wafinyanzi kando ya Ziwa Nyasa alikuwako mwanamke aitwaye Tusekile, aliyejifunza ufinyanzi ukubwani. Mara mbili alichoma vyungu, na mara mbili vikapasuka motoni. Kaka yake akamwambia, "Dada, vikipasuka tena, basi. Njoo unilimie mpunga." Tusekile hakutaka kumlimia mtu. Lakini udongo aliobaki nao ulitosha kuchoma mara moja tu kabla ya masika.

Aliyeuza kuliko wote pale kijijini alikuwa Mama Subilaga. Watu walimwendea kuuliza siri ya biashara, naye hakuwanyima. Aliwatolea vyungu vyake bora; wakavigeuza, wakavigonga, wakasifu, wakaenda kuiga marembo. Tusekile naye aliiga. Marembo yakapendeza, vyungu vikapasuka.

Safari hii alikwenda na kapu la vigae, vipande vya vyungu vyake vilivyopasuka.

"Karibu, mwanangu. Nikutolee vyungu?"

"Asante, mama, vyungu nimevitazama vya kutosha. Naomba unionyeshe vilivyokuvunjikia."

Subilaga akaangua kicheko. "Miaka yote hii! Nilidhani mnaniona nimezaliwa na chungu mkononi."

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na rundo la vigae lililomfika kiunoni.

"Hiki nilikianika juani, nikiwahi mnada. Hiki kilikuwa na kijiwe ndani. Na hivi vyote ni ubishi wangu. Mama mkwe alinikataza, nikajifanya mjuzi." Akachukua kigae cha Tusekile, akapitisha kidole palipobanduka. "Hiki chako kilikauka nje, ndani kibichi. Moto hauna subira na maji. Anika kivulini, kigeuze kitako juu, na siku ya kuchoma kiote kwanza moto wa jikoni."

"Mbona wengine hukuwaambia, mama?"

"Waliomba vyungu, nikawapa vyungu."

Tusekile akachoma vyungu kumi na vitano. Vinne vilipasuka, kumi na kimoja vikalia kama kengele vilipogongwa. Kabla ya kwenda mnadani alipita kwa Subilaga na chungu kizuri kuliko vyote, na ndani yake vigae vya vile vinne.

"Chungu ni asante yangu, mama. Vigae ni vya rundo lako. Atakayekuja kuuliza avikute."

Subilaga akavipokea kwa mikono miwili.

Bibi Tupokigwe akakiweka chungu chake kivulini, karibu na vingine vilivyokuwa bado vibichi.

"Bibi, hatuvimalizi leo?"

"Vipumzike. Kesho mtavigeuza." Akanawa udongo mikononi. "Haya, mfinyanzi usimuulize vyungu..."

"Muulize vigae," wakaitikia. Kisha yule mdogo akauliza, "Bibi, vyako viko wapi?"

Bibi akatabasamu. "Nyuma ya banda. Ni vingi, mjukuu wangu. Tutaanza navyo kesho asubuhi."