Zimwi Aliyejua Kila Kitu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wa nyuma wasikie. Mnaotafuna miwa, tafuneni taratibu.

Hapo kale, katika mji wa Mtambwani, palikuwa na mama mmoja jina lake Mize. Alikuwa mcha Mungu kwelikweli. Watu wakienda kuomba, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Binti yake mdogo, Chiku, alikuwa mtoto wa maswali. Kutwa kucha ni "Kwa nini, mama? Kwa nini?"

Basi mwalimu wa dini wa mji ule akafa kwa uzee. Watu wakabaki bila mwongozaji, kila mtu akiomba anavyoweza.

Siku moja akatokea mgeni. Mrefu, mrefu, mrefu! Kanzu inaburura chini, kilemba kikubwa kama kapu la mpunga. Akasimama uwanjani, akanguruma:

"Mimi najua!"

Nyuma yake sauti nyembamba ikaitikia: "Njaa!"

Watu wakashangaa. "Mnasikia? Hata upepo unamjibu!"

"Mimi najua, ninyi hamjui," akasema mgeni. "Fumbeni macho. Kila nikisema neno, itikieni: Ndiyo, Mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu!"

Mize akafumba macho mpaka uso ukakunjamana. Alifurahi mno kupata tena mtu wa kumwongoza. Walipofumbua macho, mbuzi wake aliyemfunga pale kando hayupo.

"Mwalimu, mbuzi wangu yuko wapi?"

"Ameitwa juu. Anayeuliza, imani yake haba."

Mize akaona haya. "Ndiyo, Mwalimu."

Siku nyingine wakakusanyika tena. "Mimi najua!" "Njaa!" Wakafumba macho. Kufumbua, ng'ombe wa Mzee Makungu, mkubwa wa mji, hayupo.

"Ameitwa juu," akasema Mwalimu, huku akijipangusa midevu.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Mzee Makungu kwa shida.

"Na kesho," akasema Mwalimu, "anaitwa mtoto. Nimemchagua huyu mwenye kelele." Kidole chake kirefu kikamwelekea Chiku.

Lo! Mize akarudi nyumbani na binti yake. Akainjika chungu, akasonga ugali bila kuuona. Chiku akamkalia karibu.

"Mama, huko juu wanakula nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Mbuzi wetu atanitambua?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi Mwalimu yeye amejuaje?"

Mize akaacha mwiko ndani ya chungu. Akatoka nje, akapiga magoti nyuma ya nyumba. Hajawahi kuomba maneno kama yale. "Ee Mola, kama nakosea, nikosoe. Lakini macho haya ulinipa wewe. Kesho nitafumba moja tu."

Kesho yake watu wakajaa uwanjani, wengi wao wakilia. Chiku akasimamishwa mbele.

"Mimi najua!"

"Njaa!"

"Fumbeni macho!"

Wote wakafumba. Mize akafumba moja. Alaa! Akamwona Mwalimu anampa Chiku mgongo, na kilemba kinajiinua chenyewe. Kisogoni mlikuwa na mdomo wa pili, meno kama majembe, ulimi unakunjuka kama mkeka. Na mdomo ule ndio uliokuwa ukisema: "Njaa! Njaa! Njaa!"

Mize akaruka, akamvuta binti yake. "Fumbueni macho, jamani! Si upepo unaomjibu! Mtazameni kisogoni!"

"Msifumbue!" akanguruma Mwalimu. "Atakayefumbua atapofuka!"

Watu wakasitasita. Kisha Mzee Makungu akafumbua kidogo, kope zikimchezacheza. "Mbona naona?" akasema. Halafu akaona vizuri zaidi. "Zimwi! Wallahi, ni zimwi!"

Mji mzima ukafumbua macho. Zimwi likageuka huku, likageuka kule, lakini watu wamelizunguka. Likificha mdomo mmoja, wa pili unaonekana. Mzee Makungu akalitwanga mkongojo wa mgongo, pu! Akatoka mbuzi wa Mize, amekasirika. Akalitwanga tena, pu! Akatoka ng'ombe. Akalitwanga mara ya tatu, ikatoka harufu tu. Zimwi likatimua mbio, kanzu ikanasa michongomani, nalo likaenda zake uchi, mdomo wa mbele ukilia "Najua!" na wa nyuma ukilia "Njaa!" Halijaonekana tena.

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakamwinua Mize juu juu. "Wewe ndiwe mwalimu wetu! Wewe ndiwe unayejua!" Na tazama mambo ya wanadamu: wote wakafumba macho, wakasema kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!"

"Fumbueni!" akapiga kelele Mize. "Nishusheni! Mimi nililiona zimwi, basi. Mambo ya Mungu ninayajua haba, na hayo haba huenda nimeyakosea."

"Sasa nani atatufundisha?" akauliza Mzee Makungu.

"Yeyote anayekubali kuulizwa, bwana mkubwa."

Basi tangu siku ile wakawa wanakaa duara. Wanaomba, kisha wanaulizana. Chiku ndiye aliyeanza. "Mungu anasikia mbuzi wakilia?"

Mzee Makungu akakuna kichwa. "Mimi nadhani anasikia," akasema, "ila kusema kweli, sijui."

"Hata mimi sijui," akasema Mize, na moyo wake ukawa mwepesi.

Wakaendelea kuomba, macho kila mtu apendavyo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Watoto wangu, mcheni Mungu, na waalimu waheshimuni. Lakini asiyetaka kuulizwa msimfumbie macho, na mkishalijua zimwi msijidhanie mmejua yote. Mwenye swali aniulize. Nikijua nitamjibu, nisipojua nitasema sijui.