Mtaalamu wa Mayai

Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Nakiete, tukipukuchua mahindi mlangoni kwake. Nawapa ninyi, watoto, kama nilivyoipokea.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na mahakama yao, Kanga, yule ndege wa madoadoa, alitaga mayai sita. Siku moja alikwenda kunywa maji. Aliporudi, lo! Akamkuta Kwale ameyaatamia.

"Ondoka! Mayai yangu hayo!"

"Yako? Yameandikwa jina lako?" Kwale akajibu, akatanua mbawa.

Wakafika kwa hakimu Kifaru. Kifaru alikuwa na nguvu nyingi na macho hafifu. Akayasogelea mayai mpaka pembe ikakaribia kuyagusa.

"Mimi naona mawe tu," akasema. "Aitwe mtaalamu!"

Chakacha, chakacha! Nguchiro akachomoka majanini, mdogo, mwepesi, masharubu yaking'aa.

"Unayajua mayai?"

"Tangu utoto wangu, mheshimiwa. Nimeshughulikia viota mia tatu."

"Mia tatu!" Kifaru akashangaa. "Huyu ndiye!"

Kanga akaruka. "Muulize, mheshimiwa! Katika viota hivyo, walianguliwa vifaranga wangapi?"

"Kimya, mama Kanga! Mtaalamu hahojiwi na mwenye kesi."

Nguchiro akasema kwa upole, "Yai hupimwa ndani. Tena faraghani, lisipigwe na upepo."

Akabeba moja, akaenda nalo nyuma ya kichuguu. Ko! Fyoo!

Akarudi akijifuta mdomo. "Hili halikutoa jibu kamili. Naomba la pili."

"Jamani!" Kanga akalia. "Mpeni kwanza yai la Bata, ambalo sote twajua ni la Bata, tuone kama atalitambua!"

"Mama," Kifaru akasema, "wewe una uchungu, mwenzio ana ujuzi. Mahakama hufuata ujuzi."

Ko! Fyoo! La pili. Ko! Fyoo! La tatu. Kwale alipoona hivyo akajiendea zake bila kuaga. Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka, na bado nyuma ya kichuguu kukasikika: ko! fyoo!

La sita lilipokwisha, Nguchiro alisimama wima mbele ya hakimu, tumbo mbele.

"Mheshimiwa, sasa nina hakika. Mayai yale yalikuwa ya Kanga."

"Vema sana!" Kifaru akapiga mguu chini, puu! "Kanga, umeshinda kesi. Chukua mayai yako ukaatamie."

Kanga akaenda nyuma ya kichuguu. Akarudi na maganda, akayamwaga miguuni pa hakimu.

Kifaru akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Nguchiro," akauliza polepole, "kwani wewe hula nini?"

"Aa, mheshimiwa! Swali zuri sana hilo. Ungeniuliza asubuhi!"

Kwi, kwi, kwi! Akacheka, akatokomea majanini.

Shangazi akakung'uta makapi kwenye nguo yake, akaniambia: ujuzi wa mtu usiupokee kabla hujaujaribu na kujua unamlisha nani.

Asubuhi yake, kabla sijawasha moto, nilikanda udongo nikaziba tundu la banda la kuku.