Nguzo Iliyohama Bila Kuaga

“Mvuta waya haoni nguzo.” Ndivyo alivyosema Bibi Tupokigwe jana kwenye mazoezi ya kwaya, Ezekia alipokuwa akiupandisha wimbo juu, na juu tena, amefumba macho kwa raha, huku wa sauti ya kwanza wamekabwa koo. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza nguzo imeingiaje kanisani. Haya, kaeni. Ezekia asikae mbali, maana leo hadithi ni yake.

Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Rungwe, enzi ambazo mwanamke na baba mkwe wake walikuwa hawatazamani wala kusemezana. Ninyi siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu. Wakati ule mwanamke wa Kinyakyusa akimwona baba mkwe anakuja, aliiacha njia, akaingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima.

Basi alikuwapo Atuganile, mke wa Gwamaka, na baba mkwe wake Mzee Ambakisye. Mzee huyu alikuwa muungwana. Kabla hajakata kona ya nyumba alikohoa kwanza, ili mkwe wake apate nafasi ya kujificha. Alikohoa hivyo kutwa nzima, hata wageni wakawa wanamletea asali kwa huruma. Tangu Atuganile aolewe hawakuwa wamebadilishana hata neno moja.

Kikundi cha akina mama cha kijiji kilikuwa kikipokezana mitamba. Ng'ombe wako akizaa jike, unamlea, akikua unamkabidhi mwenzako. Zamu ikamfikia Atuganile, mtu ambaye hakuwahi kuwa na mnyama wake mwenyewe, hata kuku. Alimpa mtamba jina kabla hajamwona. Lakini kikundi kilikuwa na sharti lisilo na huruma. Mwenyekiti wao, Mama Syabumi, ndiye aliyekuwa akimleta kila mtamba yeye mwenyewe, akiuzunguka uzio wa mpokeaji na kugonga kila waya kwa fimbo. Waya ukilegea, mtamba anageuzwa pale pale na kupelekwa kwa anayefuata. Sharti hilo lilitungwa baada ya mtamba mmoja kutoroka na kumaliza kabichi za mchungaji.

“Mtamba wa mkwe wangu hageuzwi,” Mzee Ambakisye aliapa.

Siku ya siku ikafika. Nguzo zilikwisha simikwa, waya za chini zilikwisha pigiliwa. Ulibaki waya wa juu, nao ndio wenye kazi; ncha yake moja ilikwisha fungwa kwenye nguzo ya kona ya bondeni. Nyundo yao ilikuwa imevunjika mpini, kwa hiyo Gwamaka alikwenda kuazima nyingine kwa jirani. Mzee hakuwa mtu wa kusubiri. Akauzungusha waya kwenye mtaimbo, akaegemeza mtaimbo kwenye nguzo ya kona ya mlimani, akavuta kwa uzito wa mwili wote. Waya ukakaza. Akaugonga kwa kidole, ukalia ngiii! Akatabasamu. Alipougonga mara ya pili, ulikuwa umelegea.

“Waya wa siku hizi ni mpira mtupu!” akafoka, akavuta tena.

Wakati huo Atuganile alikuwa anafika upande wa bondeni na chungu cha ndizi na maharage, ili akiweke juu ya jiwe ambapo mzee alikuwa akija kuchukua chakula chake mkwe akishaondoka. Uwanja ule ulikuwa na kilima katikati, kwa hiyo hakumwona mzee wala mzee hakumwona yeye. Alisikia kuguna tu. Lakini nguzo ya kona ya bondeni aliiona vizuri. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, na kila mzee alipoguna, nguzo iliinama na kupanda kutoka shimoni, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Nguzo ile iking'oka, uzio wote wa upande ule utalala chini, na ng'ambo ya kijito alikwisha sikia mtamba akilia. Mama Syabumi alikuwa njiani. Apige kelele? Kumpigia kelele baba mkwe! Anyamaze? Mtamba ndiyo huyo anakwenda kwa mwingine. Machozi yakamlengalenga. Kisha akatua chungu, akageuzia kilima mgongo, akaikumbatia nguzo na kuifokea kwa sauti yake yote.

“Wewe nguzo! Mbona unahama bila kuaga? Umekwisha toka shimoni nusu nzima!”

Kule juu waya ukaacha kuvutwa. Kisha kikasikika kikohozi kile cha heshima.

“Waya,” mzee akasema taratibu, “hebu iulize nguzo, imeinamia wapi?”

“Nguzo, sema kweli! Umeinamia huko huko unakovutwa, na udongo wako umekuwa uji.”

“Basi, waya, nakulegeza. Nguzo ijazwe mawe shimoni, na gogo liiegemeze kwa upande inakovutwa.”

Atuganile akakimbia. Akabeba mawe, akayashindilia kwa miguu, akaburuta gogo na kulikita pale.

“Nguzo, umeshiba? Sasa uambie waya uje, lakini polepole, bila hasira!”

“Kwani nilikuwa na hasira, waya?” mzee akauliza.

“Nguzo, jibu wewe. Mimi ni mkwe, siwezi kusema.”

Mzee aliangua kicheko hadi mtaimbo ukataka kumponyoka. Gwamaka aliporudi alimkuta baba yake anaubembeleza waya, na kule bondeni mkewe anaisifu nguzo. Akasimama na nyundo mkononi, akiwaza kama amwite mchungaji.

“Unashangaa nini? Pigilia!” mzee akamwambia.

Mama Syabumi alifika, akagonga waya mmoja mmoja, zote zikalia. Akaitikisa nguzo ya bondeni kwa mikono miwili, haikusogea. Mtamba akaingia uwanjani na kuanza kula majani bila hata kusalimia watu.

“Mzee, nani kakufundisha kukaza hivi?”

Mzee Ambakisye akageuza uso mbali na migomba, maana alijua nani amesimama humo. “Mvuta waya haoni nguzo, mama. Mimi nilikuwa navuta tu. Aliyeijenga fensi hii ni yule aliyesimama kwenye nguzo.”

Mtamba alikua, akazaa. Siku Atuganile alipokamua maziwa ya kutosha, alijaza kibuyu na kukiweka juu ya lile jiwe la bondeni. Akageuza mgongo.

“Nguzo, uambie waya maziwa yake haya hapa.”

Kikohozi kikatoka nyuma ya kilima.

“Waya, iambie nguzo: ndaga, asante, mwanangu.”

Hakuwahi kuitwa mwana katika nyumba ile. Alisimama pale pale, uso ameugeuza kama desturi inavyotaka, akilia na kucheka kwa pamoja.

Kwa hiyo, Ezekia, kesho ukiupandisha wimbo, fumbua macho, na mtu wa nyuma akikohoa, msikilize. Mvuta waya haoni nguzo.