Namba ya Kwanza ya Mzee Lukindo

Mzee Lukindo, tajiri wa mbao pale Mombo, alimfuata Kidawa, fundi wa kompyuta aliyepanga kwenye kibanda cha mzee huyo.

"Kompyuta za ofisini kwangu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, intaneti siitaki. Lakini nataka ziwe na anwani yenye hadhi, namba ya kwanza kabisa, ambayo Shekiondo wa ng'ambo ya barabara hana. Ukishindwa, kesho hama."

"Ipo, mzee," Kidawa akasema, "ila ina miiko. Usiitoe nje ya kuta zako, na usimtajie mtu. Ukithubutu tu, si yako tena."

Lukindo akaapa. Akapewa anwani ya 10.0.0.1, na kwa furaha akamwachia Kidawa kibanda kiwe chake moja kwa moja.

Jioni Shekiondo naye akamwita fundi. "Nataka namba ya kwanza. Lukindo anayo?"

"Kamuulize mwenyewe, mzee. Akikujibu, mimi si fundi."

Shekiondo akaenda, akarudi anacheka. "Kanitolea macho tu! Hana kitu huyo!" Naye akaapa kwa miiko ileile, akapewa namba yake, akatoa ndama.

Kidawa akamfunga ndama wake nje ya kibanda, akawasha kompyuta yake chakavu ya kupigia muziki. Nayo anwani yake ilikuwa 10.0.0.1, namba ambayo yeyote duniani hujipachikia kwenye mtandao wa ndani kwake bila kumwomba mtu.